Kagua Kabla Hujatuma: Sarafu ya Kidijitali Ikipotea Njia

Ukituma pesa kwa simu kwenda namba isiyo sahihi, bado una pa kukimbilia. Kabla muamala haujakamilika, simu inakuonyesha jina la mpokeaji, na jina geni linatosha kukushtua. Hata pesa ikishaondoka, mteja wa M-Pesa nchini Kenya anaweza kuupeleka ujumbe wa muamala kwenye namba 456 akaomba urejeshwe, na Tanzania watu huwahi kupiga simu huduma kwa wateja kabla mpokeaji hajafika kwa wakala. Si kila ombi linafanikiwa. Lakini nyuma ya muamala kuna kampuni, na ndani ya kampuni kuna mtu mwenye mamlaka ya kusema: izuieni hiyo.

Sarafu nyingi za kidijitali hazina mtu huyo. Bitcoin, iliyoanza kazi Januari 2009, ilijengwa makusudi ili pasiwe na benki wala karani wa kuidhinisha au kubatilisha malipo, na mitandao mingi iliyokuja baadaye ilifuata njia hiyo. Muamala ukishathibitishwa na kuandikwa kwenye blokucheni, yaani daftari la pamoja linalotunzwa na kompyuta nyingi duniani, hakuna ofisi ya kuufuta. Daftari hilo halijui jina lako wala la unayemtumia. Linajua anwani tu, msururu mrefu wa herufi na tarakimu. Anwani ikiwa na umbo linalokubalika, pesa inakwenda, hata kama hakuna binadamu yeyote mwenye ufunguo wake.

Naandika juu ya jambo hili kwa sababu sarafu hizi zimekwisha kuingia katika riziki za watu wetu. Wapo vijana wanaofanya kazi za mtandaoni kwa wateja wa nje na kulipwa kwa USDT, sarafu ya kidijitali inayofuata thamani ya dola. Wapo wafanyabiashara wanaoombwa na wauzaji wa ng'ambo walipie mzigo kwa njia hiyo, na wapo walio ughaibuni wanaowatumia wazazi nyumbani. Kinachosafiri hapo ni ada ya shule, mtaji na kodi ya nyumba. Kukipoteza kwa sababu ya herufi chache au kitufe kimoja ni msiba unaoweza kuzuilika.

Hoja yangu ni hii: ule ukaguzi ambao kampuni ya simu hukufanyia, huku unaufanya mwenyewe, na unaufanya kabla ya kubonyeza. Ili uufanye vizuri, ni lazima ujue kosa linaingilia mlango gani.

Mlango wa kwanza: herufi

Watu wengi huogopa kukosea herufi moja, na hofu hiyo ni ya haki kwa mitandao fulani kuliko mingine. Anwani za Bitcoin zimewekewa ulinzi ndani yake. Zile za zamani, zinazoanza na 1 au 3, haziruhusu kabisa sifuri, O kubwa, I kubwa wala l ndogo, kwa sababu macho huzichanganya. Pia zina alama za uhakiki zinazokokotolewa kutokana na anwani yenyewe. Ukikosea herufi bila kukusudia, nafasi ya kosa hilo kupenya uhakiki ni kama 1 kati ya bilioni 4.3, kwa hiyo pochi, yaani programu ya kutunzia sarafu, itakataa kutuma. Anwani mpya zinazoanza na bc1 nazo zina uhakiki wa namna hiyo, na zile za Tron zinazoanza na T vivyo hivyo.

Ethereum ni tofauti. Anwani yake huanza na 0x, kisha zinafuata alama 40. Ulinzi wake umefichwa katika mchanganyiko wa herufi kubwa na ndogo, utaratibu uliopendekezwa mwaka 2016. Anwani ikiandikwa yote kwa herufi ndogo, ulinzi huo unatoweka, na kosa la herufi moja linakuwa anwani halali ya mtu asiyekuwepo. Solana haina alama za uhakiki hata kidogo. Kwa hiyo usiandike anwani kwa mkono, na usimsomee mtu kwa simu akaandika upande wa pili. Nakili na ubandike, au piga picha msimbo wa QR kutoka kwenye pochi ya mpokeaji mwenyewe, kisha kagua kilichotokea kwenye skrini.

Hata kunakili kuna mtego wake: unaweza kunakili kitu kingine. Mwaka 2022 jamii ya mtandao wa Juno ilipiga kura kuhamisha tokeni zenye thamani ya karibu dola milioni 36. Katika maandalizi, mahali palipotakiwa kubandikwa anwani palibandikwa namba ya muamala, kwa sababu viwili hivyo vinafanana kwa macho. Waendeshaji wa mtandao zaidi ya 100 waliipitisha programu hiyo bila hata mmoja kuliona kosa. Fedha zikaenda mahali ambapo hakuna mwenye ufunguo, na ikalazimu kupangwa marekebisho mengine ya mfumo ili kuzifikia. Wewe na mimi hatuna mtandao mzima wa kutupigia kura ya pili.

Mlango wa pili: mtandao

Hapa ndipo wengi wanapoumia, kwa sababu anwani inaweza kuwa sahihi kabisa na pesa bado isifike. USDT ni jina moja la sarafu inayoishi kwenye mitandao mingi. Kuna USDT ya Tron, inayoitwa TRC-20, ambayo wengi huitumia kwa sababu ada yake kwa miaka mingi ilikuwa ndogo kuliko ya Ethereum. Kuna ya Ethereum, inayoitwa ERC-20. Kuna ya BNB Smart Chain, inayoitwa BEP-20, na nyingine kadhaa. Ukisema tu "nitumie USDT", hujasema lolote kuhusu njia itakayopita.

Kati ya Tron na Ethereum umbo la anwani linakulinda: moja huanza na T, nyingine na 0x, na pochi haitakubali kuzichanganya. Hatari kubwa iko pale anwani zinapofanana. Ethereum, BNB Smart Chain, Polygon, Arbitrum na mingine ya ukoo huo hutumia anwani za umbo lile lile la 0x. Mtumaji akiona ada ya mtandao mmoja ni nafuu, akauchagua bila kuuliza, mfumo hautamzuia. Pesa itafika kwenye anwani ile ile, lakini katika daftari jingine, ambalo huenda mpokeaji au soko lake la sarafu halilisomi.

Hata wataalamu wamenaswa hapo. Mwaka 2022 taasisi ya Optimism ilituma tokeni milioni 20 za OP kwa kampuni ya Wintermute. Anwani iliyotolewa na kampuni ilikuwa ya pochi ya pamoja iliyojengwa kwenye Ethereum. Kwenye mtandao wa Optimism pochi hiyo ilikuwa bado haijajengwa. Kabla ya kampuni kurekebisha, mtu mwingine aliwahi kuijenga na kuishika yeye. Baadaye alirudisha tokeni milioni 17. Jifunze hapo kwamba kuwa na anwani katika mtandao mmoja si hakika kwamba unaimiliki katika mwingine, hasa zile pochi za pamoja zinazoendeshwa na mkataba wa kielektroniki, yaani programu iliyo ndani ya blokucheni.

Mlango wa tatu: memo

Baadhi ya sarafu, kama XRP na Stellar, zina sehemu ya pili ya kujaza inayoitwa memo au tagi. Sababu yake ni kwamba soko la sarafu hutumia anwani moja kwa wateja wote, na ile memo ndiyo inayoonyesha kwamba pesa ni yako wewe. Ukiisahau, pesa inaingia sokoni lakini haina mwenyewe. Mara nyingi soko linaweza kukutafutia, kwa ada na kwa subira. Ukiona soko limekupa anwani pamoja na memo, vichukue vyote viwili kuwa ni anwani moja yenye mistari miwili. Usitume mpaka mistari yote imejaa.

Jirani wa kosa hili ni kutuma kwenye anwani ya tokeni yenyewe. Kila tokeni ya Ethereum ina mkataba wake wa kielektroniki wenye anwani ya 0x, na mtu akitafuta "anwani ya USDT" mtandaoni atakutana na hiyo. Akituma huko, tokeni zinaingia ndani ya mkataba ambao mara nyingi haukupewa njia ya kuzitoa. Anwani ya kutumia ni ile aliyokupa mpokeaji pekee, kamwe si ile uliyoitafuta.

Mlango wa nne: anwani ya mwizi inayofanana na yako

Makosa yaliyotangulia ni ya bahati mbaya. Hili ni la kutegewa. Miamala yote ya blokucheni iko wazi, kwa hiyo mwizi huona unamtumia nani mara kwa mara. Anatengeneza anwani inayofanana na ya huyo rafiki yako mwanzoni na mwishoni, kisha anakutumia kiasi kidogo sana, au anaandikisha muamala wa sifuri unaoonekana kana kwamba ni wewe uliyetuma. Anwani yake inakaa katika orodha ya miamala yako. Siku utakapoingia pale kunakili anwani uliyoitumia juzi, utanakili yake.

Mbona anaweza kuzifananisha? Kila alama ya anwani ya Ethereum ina uwezekano wa aina 16. Kufananisha nne za mwanzo na nne za mwisho kunahitaji majaribio kama bilioni 4.3, na kompyuta yenye nguvu huyamaliza kwa muda mfupi. Kila alama unayoongeza katika ukaguzi wako humzidishia kazi mara 16. Kwa hiyo ule ushauri wa zamani wa kuangalia herufi nne za mwanzo na nne za mwisho hautoshi tena. Angalia pia kundi la alama sita au nane katikati, na ubadilishe mahali kila mara. Kiasi kikiwa kikubwa, soma anwani nzima, makundi ya nne nne, huku mtu wa pili akiifuata.

Mei 2024 mtu mmoja alipoteza tokeni 1,155 za WBTC, zinazowakilisha bitcoin kwenye Ethereum, zenye thamani ya karibu dola milioni 70, kwa njia hii hii. Alikuwa ametuma kwanza kiasi kidogo cha majaribio, nacho kikafika salama. Mwizi akaingiza anwani yake ya bandia katika orodha, na ule mzigo mkubwa ukaenda kwake. Baada ya majadiliano ya wazi kwenye blokucheni mwizi alirudisha sehemu kubwa, jambo ambalo watu wengi wanaoibiwa hawalioni.

Ndugu wa mtego huo ni virusi vinavyokaa ndani ya kompyuta au simu na kungoja unakili anwani. Ukibandika, kinachotoka ni anwani ya mwizi. Mwaka 2019 programu ya aina hiyo, iliyojifanya kuwa pochi ya MetaMask, iligunduliwa ndani ya duka la Google Play. Ndiyo maana ukaguzi unafanywa baada ya kubandika, ukilinganisha na chanzo. Wenye pochi za kifaa kama Ledger au Trezor wasome anwani kwenye kioo cha kifaa chenyewe, kwa sababu kinachoonekana kwenye kioo cha kompyuta kinaweza kuwa kimeshabadilishwa.

Jaribio la kiasi kidogo, na jinsi ya kulifanya vizuri

Kila mtu husema: tuma kidogo kwanza. Ni ushauri mzuri, lakini mifano miwili niliyoitaja inaonyesha kwamba jaribio lililofanywa nusu linaweza kukupa usalama wa uongo. Katika kisa cha mwaka 2024 jaribio lilikwenda vizuri na hela zikapotea baadaye. Katika kisa cha Optimism majaribio yalifanywa mara mbili, mpokeaji akasema yamefika, na bado mzigo haukuweza kuguswa.

Jaribio kamili lina sehemu tatu. Kwanza, anwani unayoijaribu uihifadhi katika kitabu cha anwani cha pochi au soko lako, kwa jina la mtu na jina la mtandao: "Mama Asha, USDT, Tron". Pili, mpokeaji athibitishe kutoka ndani ya pochi yake, asiridhike na kuona muamala kwenye tovuti kama Etherscan au Tronscan. Kuonekana kwenye daftari kunaonyesha kwamba pesa imefika kwenye anwani. Hakuonyeshi kwamba yeye anaweza kuitoa. Kama kiasi ni kikubwa au pochi ni mpya, mwombe arudishe kidogo katika kile ulichomtumia. Tatu, mzigo mkubwa utoke kwa kuchagua jina lile lile katika kitabu cha anwani. Usirudi kwenye orodha ya miamala. Orodha hiyo ni kumbukumbu ya yaliyopita, na yeyote mwenye senti chache anaweza kuandika ndani yake.

Kumbuka pia kwamba masoko mengi yana kiwango cha chini cha kupokea. Ukijaribu kwa kiasi kilicho chini yake, soko halitakihesabu, nawe utadhani anwani ni mbovu. Soma kiwango hicho kwanza, kisha upime kidogo juu yake. Ada ya jaribio isikuume. Ndiyo bei ya usalama wako.

Utaratibu wa kila siku

Mambo yote hayo yakiwekwa katika mazoea, hayachukui muda mrefu. Mwombe mpokeaji akupe vitu vitatu kwa pamoja: jina la sarafu, jina la mtandao, na anwani, pamoja na memo kama ipo. Aichukue anwani upya kutoka kwenye pochi au soko lake siku hiyo, kwa sababu masoko huweza kubadilisha anwani za kupokelea. Akikutumia kwa WhatsApp, mpigie usikie sauti yake, kisha akusomee alama chache za katikati unazomchagulia wewe. Akaunti za watu hudukuliwa, na ujumbe wa "nimebadilisha pochi, tuma hapa" ni silaha ya zamani ya matapeli.

Ukiwa na akaunti sokoni, washa ile huduma inayoruhusu kutoa pesa kwenda kwa anwani ulizoziorodhesha tu. Masoko mengi huweka saa kadhaa za kungoja kabla anwani mpya haijatumika, na ungojeaji huo ni rafiki yako. Lakini orodha hiyo nayo inahitaji majina yanayosomeka. Oktoba 2022 kampuni ya Crypto.com ilipeleka ETH 320,000, sarafu ya asili ya Ethereum, zenye thamani ya karibu dola milioni 400, kwenye soko la Gate.io badala ya pochi yake ya akiba. Anwani ilikuwa ndani ya orodha iliyoruhusiwa, ila haikuwa iliyokusudiwa. Fedha zilirudi kwa sababu akaunti ya upande wa pili ilikuwa ya kampuni hiyo hiyo. Futa katika orodha yako kila anwani isiyotumika tena.

La mwisho katika utaratibu huu ni hali yako mwenyewe. Usitume ukiwa kwenye daladala au matatu, usitume usiku wa manane ukiwa na usingizi, na usitume huku mtu anakuharakisha kwenye simu. Kawia ufike. Mfanyabiashara wa kweli atakungojea dakika 10 ukague.

Ikiwa umeshakosea

Vuta pumzi, kisha usiguse chochote mpaka umeandika mambo manne: namba ya muamala, mtandao uliotumia, kiasi na saa, na anwani iliyopokea. Iingize namba ya muamala kwenye tovuti ya kusomea daftari la mtandao husika, Etherscan kwa Ethereum, Tronscan kwa Tron, mempool.space kwa Bitcoin, uone hali yake.

Ikiwa muamala bado haujathibitishwa, kuna nafasi ndogo. Bitcoin hutoa bloku kwa wastani wa kila dakika 10, na pochi nyingi zinaruhusu kuubadilisha muamala unaosubiri kwa kutuma mwingine wenye ada kubwa zaidi, mara hii ukiielekeza pesa kwako mwenyewe. Ethereum nayo ina kitufe cha kughairi kwenye pochi kama MetaMask, kinachofanya kazi kwa mbinu hiyo ya kuupiku muamala wa kwanza. Lakini Ethereum hutoa bloku kila sekunde 12, na Tron kila sekunde 3. Kwa Tron, ukishtuka huwa imekwisha.

Ikiwa umethibitishwa, jiulize anwani iliyopokea ni ya nani.

Kama ni pochi yako mwenyewe lakini mtandao mwingine, habari ni njema. Kwenye ukoo wa anwani za 0x, kwa pochi ya kawaida isiyoendeshwa na mkataba wa kielektroniki, ufunguo mmoja wa siri unafungua anwani ile ile katika mitandao yote. Uongeze mtandao ule kwenye pochi yako, na salio litaonekana. Utahitaji ada ya mtandao huo kwa sarafu yake ya asili: huwezi kuhamisha USDT kwenye BNB Smart Chain bila BNB kidogo, wala kwenye Ethereum bila ETH. Kama pochi yako haikubali mtandao huo, sakinisha pochi nyingine inayojulikana kutoka tovuti yake rasmi, ukaingize maneno yako ya siri, yale 12 au 24 yanayofungua pochi yako, ndani ya programu yenyewe. Usiyaandike kamwe kwenye tovuti, fomu au mazungumzo.

Kama ni anwani ya soko la sarafu, ufunguo wanao wao. Fungua tiketi ya msaada ndani ya programu au tovuti rasmi ya soko, uwape yale mambo manne. Masoko makubwa yana taratibu za kurejesha pesa iliyokosewa memo au mtandao, mara nyingi kwa ada, na baadhi ya mitandao hayaishughulikii kabisa. Fuatilia kwa adabu, tunza kila jibu. Kenya ilipitisha mwaka 2025 sheria ya watoa huduma za mali za kidijitali, na iliziweka kampuni hizo chini ya Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Nchini Tanzania, Benki Kuu iliwatahadharisha wananchi juu ya sarafu hizi Novemba 2019. Msimamizi anaweza kuibana kampuni. Hawezi kulifuta daftari.

Kama ni anwani ya mtu unayemjua, ongea naye leo. Kama ni ya mtu usiyemjua, ipo njia moja ya kumwomba kupitia ujumbe unaoambatanishwa na muamala mdogo kwenye mtandao kama Ethereum, na wapo waliorudishiwa. Usipange maisha yako juu ya matumaini hayo. Kama ni mkataba wa tokeni, waandikie wenye tokeni kupitia njia zao rasmi ujue kama wana njia ya kuzitoa. Mara nyingi hawana. Na kama umeibiwa kwa anwani ya bandia au virusi, toa taarifa polisi upesi na kwa soko lolote ambako pesa imeelekea. USDT ina tofauti moja na Bitcoin: kampuni ya Tether inaweza kuzizuia tokeni katika anwani fulani, na hufanya hivyo hasa kwa maombi ya vyombo vya sheria. Bila taarifa ya polisi, mlango huo haufunguki kwa urahisi.

Mwizi wa pili

Mtu aliyepoteza pesa huandika mtandaoni akiomba msaada, na ndani ya dakika chache anapata marafiki wapya. Mmoja ni "mtaalamu wa kurejesha sarafu". Mwingine ana cheti, nembo ya soko kubwa na ushuhuda wa watu aliowasaidia. Wote huomba moja kati ya mambo mawili: ada ya kutangulia, au maneno yako 12 au 24 ya siri. Ukitoa la kwanza, utaongeza hasara juu ya hasara. Ukitoa la pili, utapoteza hata kilichobaki.

Hakuna mtu anayeweza kuugeuza muamala uliothibitishwa, na anayekuahidi hivyo anasema uongo. Huduma kwa wateja ya kweli haianzi kukutafuta kwa Telegram, na haihitaji maneno ya siri kwa sababu yoyote. Ninyi wenye ndugu aliyepatwa na balaa hili, kaeni naye katika siku za kwanza. Aibu humfanya mtu ajifiche, na akijificha humwangukia tapeli wa pili kwa urahisi.

Ukipokea kisicho chako

Siku moja jambo linaweza kugeuka: pochini mwako ikaingia pesa usiyoitarajia. Mali ya mwenzio irudishwe. Lakini usikimbilie kuirudisha kwenye anwani ilikotoka. Kama mtumaji alitumia soko, anwani hiyo ni ya ghala la soko, na pesa ikirudi huko bila maelezo inaweza kumpotea mara ya pili. Msubiri ajitokeze, athibitishe umiliki kwa kitu kinachoonekana, kwa mfano kutuma tena kiasi kidogo mlichokubaliana, kisha akupe anwani sahihi. Na kama kilichoingia ni tokeni ya jina usilolijua, ikikuelekeza kwenye tovuti "uidai zawadi yako", usiiguse. Huo ni mtego.

Nyumbani na dukani

Kwa familia na biashara, utaratibu usiwe kichwani mwa mtu mmoja. Andikeni kwenye karatasi: sarafu tunayotumia, mtandao tunaotumia, na kiasi ambacho kikivuka ni lazima watu wawili wakague. Familia ikichagua mtandao mmoja na kuushikilia, mlango wa pili kati ya ile niliyoitaja unafungwa karibu kabisa. Duka likiweka sheria kwamba anwani mpya haitumiki siku ile ile ilipopokelewa, matapeli wengi watakata tamaa. Mzazi asiyezoea mambo haya asilazimishwe kupokea kwa pochi. Mtumie kwa njia ya kawaida ya simu, ambako jina lake litaonekana.

Wengi watasema taratibu hizi ni nyingi mno kwa kutuma dola 50. Kwa dola 50 huenda ni kweli, lakini mkono hufuata mazoea. Anayeruka hatua kila wiki kwa kiasi kidogo ataziruka pia siku ya kulipia kontena au kiwanja, na siku hiyo hatakuwepo mtu wa kumpigia simu. Anza leo: fungua pochi yako, hifadhi kwa majina yanayosomeka anwani za watu unaowatumia mara kwa mara, mpigie kila mmoja mkahakikishe, kisha usinakili tena anwani kutoka kwenye orodha ya miamala.